Kama kila kitu kimo kwenye Kitabu, sayansi tunaisomea nini? Mdogo wangu anataka kuacha chuo

#1 KakaWaNkuhungu
Mbukwenyi wakuu.

Nina mdogo wangu yuko mwaka wa pili anasoma baiolojia, hela ya matumizi namtafutia mimi kwa bodaboda na kagenge ka mke wangu hapa Nkuhungu, Dodoma. Tangu arudi likizo amekuwa mtu wa maombi sana, hilo sina shida nalo, kanisani na mimi nipo. Juzi usiku tunakula akasema harudi chuo. Kwenye semina moja wamefundishwa kwamba maarifa yote anayohitaji mwanadamu yalishaandikwa, kwahiyo kuchunguza kilichokwisha kusemwa ni kumuuliza Mungu mara mbili. Nikamuuliza na malaria je? Akasema majibu yamo, ni sisi hatusomi. Nilitaka kumrushia sahani ila mama alikuwepo.

Naomba hoja, sio matusi. Hivi ni kweli mwenye Biblia au Kurani hana haja ya kuchunguza kitu tena? Na kama sio kweli, namjibuje mtu ambaye kila ukifungua mdomo anakufungulia mstari?

#2 Fundi_Spana
Mpeleke akalime Bahi msimu mmoja tu. Atarudi chuo mwenyewe bila kuulizwa.

#3 MshindiWaImani
Mleta uzi mdogo wako yuko sahihi kuliko wewe, unapaswa kumshukuru Mungu badala ya kumsema huku kwa watu usiowajua. Isaya 40:22 inataja duara ya dunia, wakati huo hao wanasayansi wenu walikuwa wapi? Ayubu 26 inasema ulimwengu umetundikwa pasipo kitu. Hayo yote wazungu wamekuja kuyapata juzi. Alafu sayansi yenyewe haitulii, leo mayai mabaya kesho mayai mazuri, leo mafuta haya yanaua moyo kesho yanaulinda. Neno halibadiliki. Mtu mwenye akili anajenga kwenye mwamba au kwenye mchanga?

#4 DaktariNusu
Mshindi hapo #3, duara hata sinia la pilau ni duara. Huo mstari haujakwambia dunia ni mpira na wala haujakwambia ina ukubwa gani. Aliyepima ukubwa ni Mgiriki mmoja Eratosthenes aliyekuwa Aleksandria huko Misri, zaidi ya miaka 200 kabla ya Kristo, na alitumia kivuli. Kusini kulikuwa na kisima ambacho siku fulani ya mwaka jua la mchana linaingia mpaka chini, siku hiyohiyo Aleksandria kivuli kipo. Akachukua tofauti ya kivuli na umbali wa miji miwili akapiga hesabu. Hakuwa na ndege wala setilaiti, na hesabu yake haikutoka Isaya.

Na hii tabia ya kukuta mstari baada ya mwanasayansi kukuta jambo mimi huwa inanichekesha. Mbona mstari haujawahi kutangulia? Nitajie kitu kimoja ambacho dunia haijakijua bado ila kimo humo, kesho tukakipime.

#5 MshindiWaImani
Ufunuo unakuja kwa wakati wake.

#6 Zabibu_Kavu
Kama fundi cherehani wa Majengo, "njoo Ijumaa".

#7 BintKondoa
Naomba niseme nilichokiona kwa macho yangu, sio cha kusimuliwa.

Mwaka 2016 nilikuwa nyumbani kijijini. Mahindi tulivuna hayajakauka vizuri, tukayarundika chumbani juu ya sakafu ya udongo maana nje ng'ombe na wezi. Ukichoma mkono katikati ya lile rundo unasikia joto, na harufu kama ya kanga iliyokunjwa mbichi ikasahaulika kwenye begi. Mama alikuwa anachambua, yenye ukijani tunawarushia kuku, mengine mashineni. Akaumwa mtoto wa jirani, miaka mitano, macho njano kama kapakwa manjano, tumbo limejaa, siku ya sita akatutoka. Wakafuata wengine wawili nyumba ileile. Hapo maneno yakaanza, ni laana, mzee wa nyumba ile alikula hela ya shamba la ukoo. Tukafanya maombi ya mji mzima, tukafunga siku tatu, na mimi nikafunga, na kila jioni tukafungulia uji wa mahindi yaleyale.

Baadae wakaja wataalamu wanachukua mahindi kidogokidogo kwenye vifuko, nyumba hadi nyumba, ndio mara ya kwanza kusikia neno sumukuvu. Ilikuwa Dodoma na Manyara, waliohesabiwa wagonjwa 68 na kati yao 20 walikufa. Kuvu unaweza kumuona lakini sumu yake huioni, haina ladha, na ukipika haiondoki. Ule ugali tulikuwa tunauombea baraka kabla ya kula jamani.

Sisemi maombi hayafai. Ila nikisoma kwamba hakuna haja ya kuchunguza nawaza, yule mzee wangekuwa mpaka leo wanamuita mchawi.

#8 Chilonwa_Kwetu
Dada pole sana. Hapo kwenye uji nimeweka simu chini kwanza.

#9 MshindiWaImani
Pole dada. Lakini ungesoma vizuri Walawi ungekuta habari za kuvu zimo. Miaka elfu tatu iliyopita. Narudi kulekule, watu hawasomi.

#10 MwlMstaafu_Mvumi
Wanangu salama? Nimefundisha Sayansi Kimu na maarifa ya dini shule moja kwa miaka mingi, asubuhi hiki mchana kile, na sikuwahi kupata kichwa kuuma.

Mshindi amesema kweli kwamba Walawi imezungumzia, ni sura ya 14, ila ni pigo la kwenye kuta za nyumba, mahindi hayamo. Sasa naomba tuisome mpaka mwisho maana wengi wanaitaja bila kuifungua. Mwenye nyumba anaona madoa ukutani, ya kijani au mekundu. Anaenda kumwambia kuhani. Kuhani hasemi palepale ni pigo, anaamuru vyombo vitolewe kwanza, anaingia, anaangalia kama madoa yameingia ndani ya ukuta, anafunga nyumba siku 7. Siku ya saba anarudi kuangalia kama yameenea. Yakienea mawe yenye madoa yanatolewa yanatupwa nje ya mji, kuta zinakwanguliwa, lipu mpya. Yakirudi tena nyumba inabomolewa. Yasiporudi nyumba ni safi.

Sasa mwanangu, huyo kuhani anafanya nini hapo kama sio kuchunguza? Ana muda wa kusubiri, ana alama ya kuangalia, na anakubali jibu lolote litakalotoka. Kitabu hakikumpa jibu la nyumba ya fulani, kilimpa utaratibu wa kwenda kuangalia.

Na Danieli sura ya 1 ndio kabisa. Siku kumi, kundi moja linakula mtama na maji, lingine chakula cha mfalme, alafu nyuso zinalinganishwa. Danieli mwenyewe ndio aliomba ajaribiwe.

#11 Chilonwa_Kwetu
MTAMA!! Nilijua tu Danieli alikuwa Mgogo. Na mlenda alikula sema mwandishi kausahau.

#12 Mpogolo_wa_Ipagala
Mwalimu shikamoo, ila kwenye tafsiri nyingine imeandikwa mboga za majani, mtama ni ile Biblia ya Union. Wagogo msijitwalie nabii.

#13 Chilonwa_Kwetu
Mboga za majani ndio mlenda wenyewe huo. Asante kwa kuthibitisha.

#14 MshindiWaImani
Mwalimu nakuheshimu sana lakini Kumbukumbu la Torati 6:16, msimjaribu Bwana Mungu wenu. Na Yesu akairudia jangwani. Danieli alikuwa na ahadi, sisi hatuna ruhusa ya kumpima Mungu kwenye chupa.

#15 MwlMstaafu_Mvumi
Marahaba Mpogolo. Mshindi, kumjaribu Mungu na kupima mahindi ni vitu viwili, mahindi sio Mungu.

Ila hata hilo la kujaribu lina mambo yake. Gideoni alitandika ngozi ya kondoo usiku, akaomba umande uwe kwenye ngozi tu na ardhi iwe kavu. Ikawa, akakamua bakuli zima. Lakini hakuridhika, akaomba usiku wa pili iwe kinyume, ngozi kavu ardhi ndio ilowe. Nilikuwa nawauliza darasa la sita, kwanini arudie? Siku moja mtoto wa wafugaji akajibu, mwalimu, manyoya ya kondoo asubuhi hulowa yenyewe hata bila muujiza. Sikuwa nimewahi kulifikiria! Jaribio la kwanza lilikuwa dhaifu, la pili ndio lenye nguvu. Na Mungu hakumchapa kwa kuuliza mara mbili. Mwambie mdogo wako hilo, mleta uzi, maana naona neno lake ni hilohilo la mara mbili.

#16 KakaWaNkuhungu
Mwalimu umeniua. Naprinti.

#17 UstadhAreaC
Assalaam alaykum. Niongeze upande wetu.

Neno la kwanza kuteremshwa ni Soma. Surat al-Ghashiya inauliza hivi hawamtazami ngamia jinsi alivyoumbwa, yaani unaambiwa utazame, sasa utatazamaje umefumba macho. Lakini mfano ninaoupenda ni kibla. Kitabu kimeniamuru nielekee Msikiti Mtukufu popote nilipo, hakikuniandikia kutoka Area C ni upande gani. Hilo ni la kwenda kulipigia hesabu, na waislamu wa zamani walilipigia kweli, Al-Biruni aliandika kitabu kizima cha kupima miji iko wapi duniani ili kibla kipatikane, hesabu za pembe zilikua sana kwa ajili hiyo. Kwa hapa Dodoma ni kaskazini ukiegemea mashariki kidogo, kama nyuzi 8 hivi. Msikiti mmoja nilioswalia utotoni ulikuwa umeelekea karibu mashariki kabisa, waliojenga walifikiri Makka ni "upande wa uarabuni" basi. Nia safi, ibada safi, dira hakuna.

Na kuna hadithi ya mitende, iko kwenye mkusanyo wa hadithi wa Imam Muslim. Mtume s.a.w. alipita Madina akakuta watu wanapandisha mitende, yaani wanachukua mbegu dume wanaweka kwenye jike. Akasema hadhani kama inasaidia kitu. Wakaacha. Mwaka ule mavuno yakawa mabovu. Walipomwambia akawajibu nyinyi mnajua zaidi mambo ya dunia yenu. Mtume huyo anasema! Sisi ni nani tukatae?

#18 Mla_Ubuyu
Ustadh kama hesabu zinakubalika kwenye kibla, mbona kwenye mwezi wa Idi mnagawanyika kila mwaka, huyu kafungua huyu bado 😂

#19 UstadhAreaC
Hilo lina uzi wake wa kurasa 40. Tusifungiwe.

#20 HanaDini_HanaDeni
Nyote mnahangaika bure. Mnachukua kitu kilichopatikana maabara mnakizungusha mpaka kifanane na aya, alafu mnapongezana. Walawi, Gideoni, mitende, kwani mkulima wa China ambaye hajawahi kusikia hata kimoja hapimi mahindi yake? Anapima. Basi Vitabu havihitajiki kwenye hii kazi, ndio jibu la mleta uzi. Na kila aliyejaribu kusema ukweli mliwachoma, Copernicus mlimchoma, Galileo mlimchoma.

#21 Frateri_Mstaafu
HanaDini punguza kuni. Copernicus alikufa kitandani kwake 1543 na alikuwa mtumishi wa kanisa kuu kule Poland. Galileo hakuchomwa, alihukumiwa 1633 akafungiwa nyumbani mpaka alipokufa, na kosa hilo Papa Yohane Paulo II alilikiri hadharani 1992, ukiri umechelewa lakini umekuja. Aliyechomwa ni Giordano Bruno, Roma, 1600, na kesi yake ilikuwa na mambo mengi ya mafundisho ya dini sio nyota peke yake.

Upande wa pili hujautaja. Sheria za kurithi sifa, zile za njegere mnazofundishwa kidato cha nne, ni za mtawa Mendel kwenye bustani ya monasteri. Na wazo kwamba ulimwengu ulianza mahali padogo ukatanuka lilitoka kwa padre Mbelgiji, Georges Lemaître. Huyo Lemaître Papa mmoja alipotaka kuitumia kazi yake kama ushahidi wa Mwanzo sura ya 1 yeye mwenyewe hakupenda, alitaka kila kimoja kikae kwenye kiti chake. Mimi nipo hapo. Biblia inanifundisha namna ya kwenda mbinguni, kilo ya mbolea kwa ekari naenda kuuliza kwa bwana shamba.

#22 HanaDini_HanaDeni
Bruno, sawa, nimekubali. Mmoja bado ni wengi.

#23 Mzee_wa_Kongwa
Naona mnaisifu sana sayansi, mimi nina swali kwenu wasomi. Hapa Kongwa wajerumani walikuja na matrekta na wataalamu wa kila aina kulima karanga, na ramani, na maabara. Wazee wakawaambia nchi hii mvua haina adabu. Hawakusikia. Kiko wapi? Karanga zilikufa, hela zikaliwa, zimebaki nyumba na mibuyu. Hakuna Kitabu kilichowadanganya hapo, ni sayansi.

#24 Frateri_Mstaafu
Mzee shikamoo. Sio wajerumani, ni waingereza, baada ya vita ya pili, mradi ulianza 1947 ukafungwa 1951. Ila mengine yote ni kweli tupu. Walitaka ekari zaidi ya milioni 3, wakapoteza pauni kama milioni 36, hela ya wakati ule.

#25 DaktariNusu
Mzee hoja yako nzito ila naomba niigeuze kama ngozi ya Gideoni. Wale jamaa walikuja kukagua 1946 kwa wiki tisa tu, sehemu kubwa wakiwa kwenye ndege. Hawakukaa hata msimu mmoja kuona mvua inanyeshaje. Udongo wa pale una mfinyanzi, ukikauka unakuwa sakafu, karanga ziko chini huwezi kuzing'oa, chuma kinapinda. Mpaka vifaru vya vita waligeuza kuwa matrekta. Hiyo sio sayansi mzee, hao nao walikuwa na kitabu chao kimeshaandikwa London, kila jibu limo, wakaja kusoma tu. Anayefanana na mdogo wa mleta uzi ni hao.

Waliokuwa wanachunguza ni wazee wenu. Miaka mia wanaangalia mvua, ndio maana wanapanda mtama na uwele.

#26 Mzee_wa_Kongwa
Marahaba wajukuu. Hapo umesema, nimekuelewa. Ila wasomi wa leo wakija wanatuambia tupande mahindi. Nani anasoma kitabu sasa?

#27 Fundi_Spana
Mzee kapiga goli dakika ya tisini.

#28 Nesi_Nzuguni
Wakuu habari zenu, nilikuwa zamu ndio nimemaliza kusoma. Kongwa hiyohiyo pia watafiti wamekaa tangu miaka ya 80 wanachunguza vikope, ule ugonjwa wa macho wa nzi, na moja ya mambo waliyoyapima kijiji kwa kijiji ni kunawisha watoto uso. Kitu kidogo hivyo. Wote tunajua uso unanawiwa, lakini kwamba uso msafi unapunguza upofu lazima mtu ahesabu macho ya watoto mmojammoja. Kwahiyo mzee sio wote wanaopita na ndege.

Nilitaka kuongelea malaria maana mleta uzi aliigusa. Wodini napokea watoto wa degedege wamechelewa siku mbili tatu, wamepitishwa huku na kule wakaombewe mapepo, wengine kwa mganga. Mama analia, anasema mtumishi mmoja alimwambia dawa ni kukosa imani. Simtaji na wala simlaani huyo mtumishi, ila nimemshika yule mtoto.

Ila nyie mnaodharau vitabu vya zamani nanyi ngojeni. Hii dawa ya mseto tunayowapa imetokana na mmea wa kichina, na aliyeipata ni mama mmoja Tu Youyou, akapewa Nobeli 2015. Walihangaika, wakichemsha haifanyi kazi vizuri. Akarudi kwenye kitabu cha tiba cha miaka zaidi ya 1,600 iliyopita, kimeandika loweka majani kwenye maji, kamua, kunywa. Hakijasema chemsha! Akawaza labda moto ndio unaua dawa, akatoa dawa kwa joto la chini, ikakubali. Sasa niambieni nani kashinda hapo, kitabu au maabara? Bila kitabu asingewaza, bila kupima angekuwa anasoma mpaka leo.

#29 HanaDini_HanaDeni
Nesi hicho ni kitabu cha tiba sio cha dini, usichanganye mafaili.

#30 Nesi_Nzuguni
Sawa, lakini nacho ni kitabu cha zamani, na hakikutosha bila kupima. Mafaili yanafanana.

#31 MshindiWaImani
2 Nyakati 16:12, mfalme Asa aliugua miguu hakumtafuta Bwana, akawatafuta waganga. Mstari unaofuata akafa. Naacha hapo.

#32 Frateri_Mstaafu
Na mimi naweka Yoshua bin Sira 38, mheshimu tabibu kwa kuwa Bwana ndiye aliyemuumba, na Bwana ameumba dawa kutoka ardhini.

#33 MshindiWaImani
Hicho kitabu kwenye Biblia yangu hakimo.

#34 Zabibu_Kavu
Ooh kumbe Kitabu chenye kila kitu kwa mwenzako Mkatoliki kina vitabu 73 na kwako 66! Sasa nani kati yenu ana kila kitu? Kaeni mkubaliane kwanza sisi tunaendelea na utafiti.

Na kwa taarifa yenu 1 Timotheo 5:23 Paulo anamwambia Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Mimi wa Hombolo naona huo ndio utafiti uliokamilika, zabibu zipo, tumbo lipo.

#35 Mpogolo_wa_Ipagala
KIDOGO mkuu. Imeandikwa kidogo.

#36 Mshauri_Huru
Mimi naona mnagombana juu ya vitabu wakati suala ni la watu. Hakuna Kitabu kilichopanda bodaboda kwenda kumwambia kijana aache chuo. Kuna mtu mwenye maiki. Na huyo mtu akisema kila jibu limo humu maana yake halisi ni kila jibu ninalo mimi, njoo kwangu, na bahasha usisahau. Kijana akijua kupima mwenyewe huyo mtu anapoteza mteja. Hata wanasayansi wa Kongwa kwa DaktariNusu ni hivyohivyo, wakubwa wa London hawakutaka kuulizwa. Ukitaka kumsaidia mdogo wako usishindane naye mistari, muulize kwenye semina ukiuliza swali unajibiwa au unaombewa?

#37 UstadhAreaC
Kuna ukweli lakini usijumlishe wote. Wapo wanaojibu.

#38 MshindiWaImani
Mshauri, mimi sijawahi kuchukua bahasha ya mtu. Naongea ninachoamini. Mwaka 2019 nilikaa hospitali wiki tano, wakapima kila kitu, wakaniambia hawaoni tatizo, nirudi nyumbani. Mke wangu akaomba usiku mmoja kwenye kiti pembeni ya kitanda. Nikaamka nikatembea. Mtaniambia nini hapo? Nikapime nini?

#39 Nesi_Nzuguni
Kaka hapo sina cha kukuambia zaidi ya kushukuru Mungu. Nimeona wa hivyo wawili watatu kazini na sijui niseme nini.

#40 DaktariNusu
Na mimi nakaa kimya hapo, sio kwa kukubali, kwa heshima. Labda ugonjwa uliisha wenyewe, labda kuna kipimo hakikuwepo. Labda ni hilo la kwako.

#41 KakaWaNkuhungu
Wakuu nimerudi, mrejesho.

Jana nilimsomea #7 ya BintKondoa. Sikumsomea kingine, nilishaona mistari haifai. Alinyamaza. Alafu akaniuliza, kaka haya mahindi ya ndani umeyapima? Gunia nne ziko chumba cha nyuma za msimu huu. Nikamwambia nitayapima na nini. Akasema chuo walionyeshwa njia ya chumvi. Akachukua chupa ya soda, akaikausha juani mpaka ikawa inaunguza, chumvi nayo akaikaanga kwenye kikaango mpaka ikawa inaruka, ikapoa, akatia na mahindi kiganja kimoja, akafunga, akatikisa, akaiweka chini robo saa. Chumvi ikibaki chini kavu mahindi makavu, ikinata kwenye chupa yana maji. Mama, mke wangu, watoto, wote tumechuchumaa tunaiangalia chupa kama tivii ya fainali.

Gunia mbili chumvi imebaki chini. Mbili imenata pembeni kote kama ukungu. Leo tangu asubuhi yuko juani anageuza mahindi kwenye turubai.

Nikamwambia unaona sasa, si ndio sayansi hiyo? Akanijibu hiyo ni Walawi 14 kaka, nimetoa vyombo nje, na siku ya saba naangalia tena. Nikabaki mdomo wazi. Kama aliisoma huku au alikuwa nayo kichwani siku zote sijui. Chuo wanafungua wiki ijayo na bado hajapanga begi.

#42 Chilonwa_Kwetu
Hahahaaa huyo kijana ni wakili huyo, mhamishe kozi.

#43 MshindiWaImani
Si niliwaambia.

#44 MwlMstaafu_Mvumi
Uliambia nini wewe, kijana anatikisa chupa!

#45 BintKondoa
Mleta uzi umenifurahisha ila naomba nisahihishe kitu kabla watu hawajajiamini. Chumvi inanata maji yakizidi kama asilimia 15. Mahindi ya kuhifadhi yanatakiwa yasizidi 13.5, kwahiyo hata zile gunia mbili zilizofaulu zirudishe juani siku moja mbili. Na chumvi haionyeshi sumukuvu yenyewe, inaonyesha unyevu tu. Yaliyoshaoza au yenye ukijani chambua, na kuku msiwape, hiyo sumu kwanza iligundulika kwa bata mzinga Uingereza 1960, walikufa zaidi ya laki moja kwa chakula cha karanga.

#46 Mzee_wa_Kongwa
Karanga tena! Mimi nilisema.

#47 KakaWaNkuhungu
Dada asante, nimemwonyesha, amezirudisha zote nne. Sasa anataka mifuko ile ya kinga njaa ya kufunga hewa. Kuna mtu yuko Kibaigwa sokoni leo aniulizie bei?

#48 Fundi_Spana
Nipo Kibaigwa. Unataka mingapi?

#49 KakaWaNkuhungu
Minne. Anasema mitano, mmoja atafanyia jaribio.